Imani Peke Yake Haiui

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania imeandamwa na aina tatu za uhalifu zilizoichafulia jina. Wizi wa ng'ombe wa kutumia silaha ulipamba moto. Mauaji ya wazee waliotuhumiwa uchawi, wengi wao wanawake, yakaendelea mwaka baada ya mwaka. Kisha, kuanzia mwaka 2006 na 2007, yakaibuka kwa wingi mauaji ya watu wenye ualbino kwa ajili ya viungo vyao. Kila habari ya mauaji hayo inapotangazwa, maelezo huwa yaleyale: ushirikina na ujinga wa watu wa vijijini. Dawa inayopendekezwa nayo ni ileile: adhabu kali. Ushirikina upo kweli, na una sehemu yake katika damu iliyomwagika. Lakini imani peke yake haiui. Imani humwonyesha muuaji wa kumlenga. Kinachomnyanyulia panga mwaka huu na si mwaka jana, katika kijiji hiki na si kile, ni mambo ya kidunia kabisa: njaa, mirathi, soko na udhaifu wa vyombo vya dola. Tusipoyatenganisha mambo hayo tutaendelea kuhubiri na kuhukumu huku watu wakiendelea kufa.

Mahakamani, mauaji ni mauaji. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haiulizi kama aliyeuawa ni bibi wa miaka 70 au mtoto mwenye ualbino, na kifungu cha 197 kimempa jaji hukumu moja tu kwa anayetiwa hatiani. Ni sawa sheria isipime uhai wa mtu kwa umri wake wala rangi ya ngozi yake. Hata hivyo, jaji hukutana na kosa likiwa limekwishatendeka. Anayetaka kulizuia kabla halijatendeka anahitaji kuyagawa makosa kwa namna nyingine, na maswali matatu yanaweza kumsaidia: nani anafaidika, kwa nini wakati huu, na nani alijua akanyamaza? Tukiyauliza maswali hayo kuhusu makosa matatu ya Kanda ya Ziwa, tutaona kwamba yanafanana kwa mahali yanapotokea tu. Kila moja lina mizizi yake, na dawa inayolitibu moja inaweza kulichochea jingine.

Tuanze na wazee. Mwanazuoni Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizichambua takwimu za serikali za mauaji yaliyohusishwa na uchawi Tanzania Bara kati ya mwaka 1970 na 1984. Waliouawa walizidi 3,500, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea Usukuma. Mesaki hakuishia kusema kwamba Wasukuma wanaamini uchawi. Aliitazama historia. Zamani tuhuma za uchawi zilipelekwa kwa mtemi na wazee wake, na mtuhumiwa aliweza kunyweshwa mwavi, dawa ya sumu ya kumpima kama ana hatia, au kufukuzwa katika nchi. Hapakuwa na haki ya kusifiwa katika utaratibu huo, ila tuhuma ilikuwa na mahali hadharani pa kupelekwa. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1928 iliifanya tuhuma yenyewe kuwa kosa. Watu hawakuacha kutuhumiana. Walichoacha ni kuyasema hadharani, na hasira ikaanza kutafuta njia ya usiku. Kisha, kati ya mwaka 1973 na 1976, Operesheni Vijiji ikazihamisha familia zilizokuwa zikiishi mbalimbali, kila moja na shamba na malisho yake, zikawekwa bega kwa bega na majirani ambao hawakuwachagua. Vijicho na tuhuma vikapata pa kumea.

Historia hiyo inaeleza kwa nini Usukuma. Bado haielezi kwa nini mwaka fulani na si mwingine, na hapo ndipo utafiti wa mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, unapotoa mwanga. Miguel alikusanya taarifa za vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga na sasa iko Simiyu, akazilinganisha kumbukumbu za mauaji na kumbukumbu za mvua. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2005 yanatisha kwa uwazi wake. Katika miaka ya ukame au ya mafuriko, mauaji ya waliodaiwa kuwa wachawi yalikuwa takribani mara mbili ya yale ya miaka ya kawaida. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda kwa namna hiyo. Karibu wote waliouawa walikuwa wanawake wenye umri mkubwa, wengi wa kaya maskini, na mara nyingi wauaji walikuwa ndugu zao wenyewe.

Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa kwa utulivu. Mvua haibadilishi imani ya mtu. Mwaka wa mavuno mazuri na mwaka wa ukame, mwanakijiji wa Meatu anaamini yaleyale kuhusu uchawi. Kinachobadilika ni ghala. Mahindi yanapokwisha mapema, mwanafamilia asiyeweza tena kulima anaanza kuonekana mzigo. Watoto waliodhoofika kwa njaa wanaugua, wengine wanakufa, na wazazi wanatafuta sababu kwa mpiga ramli. Huyo, kwa kile ambacho viongozi wetu wamezoea kukiita ramli chonganishi, anaitaja familia ileile iliyokuja kwake: mkosaji yuko nyumbani, ni mwanamke, ni mzee. Macho yake mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi kikavu cha ng'ombe kwa miaka yote aliyoipikia familia hiyohiyo, yanageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Kama ni mjane aliyebaki na shamba, wapo wanaolimezea mate. Na kama ndugu wanaona aibu kuitenda kazi hiyo kwa mikono yao, wapo wakata mapanga wa kukodiwa. Hivyo swali la nani anafaidika lina jibu chungu: walio karibu naye kuliko wote. Swali la nani alijua lina jibu lilelile, na ndiyo maana kesi nyingi za namna hii hufa kwa kukosa ushahidi. Mashahidi ni ndugu wa aliyeuawa, na wakati huohuo ni ndugu wa muuaji.

Msomaji makini atapinga: bila imani ya uchawi, njaa ingeleta njaa tu, bila panga. Ni kweli, na sidai kwamba imani haina kazi. Ninachosema ni kwamba jambo lililopo kila mahali na kila wakati haliwezi, peke yake, kueleza jambo linalotokea mahali pachache na nyakati fulani. Utafiti wa shirika la Pew uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Watanzania zaidi ya 9 katika kila 10 waliohojiwa walikubali kuwa uchawi upo. Wamo humo wakazi wa Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mtwara, wasomi kwa wakulima, Waislamu kwa Wakristo. Kama imani ingetosha kuua, nchi nzima ingekuwa Usukuma ya mwaka wa ukame. Isitoshe, imani ya nchi nzima haing'olewi kwa semina ya siku mbili. Kuing'ang'ania kama chanzo pekee ni kujichagulia adui asiyeshindika katika kizazi hiki, kisha kuvisahau vyanzo vingine ambavyo tunaweza kuvishughulikia kabla ya masika yajayo.

Mauaji ya watu wenye ualbino nayo huwekwa katika kapu hilohilo la ushirikina, lakini yachunguzwapo yanaonekana ni uhalifu wa aina nyingine kabisa. Bibi wa Meatu huuawa ili asiwepo. Mtu mwenye ualbino anauawa, au anakatwa mkono akiachwa hai, ili sehemu ya mwili wake iuzwe. Hii ni biashara, nayo kama biashara yoyote ina mnyororo: anayemtambua mlengwa na kutoa taarifa, anayeteka, anayeua, dalali anayesafirisha, mganga anayetengeneza dawa, na mwisho wa yote mteja mwenye fedha. Wengine wanasema ni mila ya kale. Ushahidi haukubaliani nao. Watu wenye ualbino, ambao Tanzania wanakadiriwa kuwa mtu 1 katika kila 1,400, wameishi vijijini kwetu vizazi na vizazi. Walinyanyapaliwa, walifichwa, walizushiwa hadithi za kutokufa, lakini biashara ya viungo vyao kwa kiwango kile ilikuwa jambo jipya. Kitu kipya hakielezwi kwa imani ya zamani. Lazima tuulize ni nini kilibadilika.

Kilichobadilika ni uchumi wa kanda yenyewe. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na kuizunguka migodi hiyo maelfu kwa maelfu ya wachimbaji wadogo walimiminika kutafuta riziki. Bei ya wakia moja ya dhahabu, iliyokuwa chini ya dola 300 za Marekani mwaka 2001, ilivuka dola 1,000 Machi 2008. Mtafiti Deborah Bryceson na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2010, walieleza jinsi mazingira ya machimbo yalivyotengeneza kiu ya dawa za bahati. Katika maduara, jasho halina uhusiano wa moja kwa moja na kipato. Mmoja anachimba miezi sita asipate kitu. Mwenzake, hatua chache pembeni, anaukuta mwamba wenye dhahabu na kuwa tajiri kwa usiku mmoja. Ukosefu wa mpangilio unaoonekana humfanya mtu autafute mpangilio uliofichika, na waganga wakawa tayari kuuza maelezo pamoja na dawa. Kadiri mteja alivyokuwa na fedha ndivyo masharti yalivyopanda, mpaka yakafika kwenye mwili wa binadamu. Hapo njaa haikuwa kichocheo. Kichocheo kilikuwa fedha na tamaa ya fedha zaidi. Ndiyo maana wale wanaosema uhalifu huletwa na umaskini hukosea wanapoligeuza neno hilo kuwa kanuni ya kila kosa: maskini anaweza kukodiwa kushika panga, lakini anayelipa gharama za safari nzima ni mtu mwenye akiba.

Pingamizi la haki linaweza kutolewa hapa. Nchini Malawi, wimbi kubwa la mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino lilianza mwishoni mwa mwaka 2014, na Malawi haikuwa na machimbo ya dhahabu kama ya Geita. Je, hilo halivunji hoja? Naona linaiimarisha kwa kuirekebisha. Soko likishaundwa, habari za bei husafiri mbali kuliko bidhaa yenyewe, na uvumi kwamba kuna tajiri anayenunua unatosha kumwingiza kijana asiye na kazi katika mauaji, hata kama tajiri huyo hayupo. Mkoani Ruyigi, nchini Burundi, karibu na mpaka wa Tanzania, watu walihukumiwa Julai 2009 kwa mauaji yaliyofanywa ili viungo viuzwe upande wa pili wa mpaka. Walioua walikuwa Burundi, soko walilolilenga likiwa Tanzania. Kwa hiyo chanzo si kabila fulani wala dini fulani. Ni soko, pamoja na uvumi unaolilisha.

Serikali ya Tanzania haikukaa kimya. Januari 2009 ilisitisha leseni za waganga wa jadi, Machi mwaka huohuo ikaendesha kura ya siri ili wananchi wawataje washukiwa, na Septemba Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ikatoa hukumu ya kwanza ya kifo kwa watu watatu waliomuua mtoto mwenye ualbino. Mashambulizi yalipungua katika miaka iliyofuata. Mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya ualbino, Ikponwosa Ero, alipozuru nchi mwaka 2017 alikiri maendeleo hayo huku akionya kwamba watu bado wanaishi kwa hofu. Onyo hilo lilithibitika Mei 2024, pale mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu alipotekwa nyumbani kwao Muleba, mkoani Kagera, na kuuawa. Tukirudi kwenye mnyororo wa biashara, tunauona upungufu wa juhudi zote hizo: wanaofikishwa kizimbani kwa kawaida ni mtekaji, muuaji, ndugu au mganga. Mnunuzi ni nadra sana kuonekana. Soko ambalo mteja wake hajaguswa limesinzia tu.

Wizi wa ng'ombe unatufundisha jambo la tatu, na huu ndio mfano wenye matumaini zaidi. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, silaha za kivita zilienea mikononi mwa raia, na makundi ya wezi yakawa na nguvu kuliko polisi wachache waliokuwapo. Kati ya mwaka 1981 na 1982, wanavijiji wa maeneo ya mpakani mwa Usukuma na Unyamwezi waliunda ulinzi wao, Sungusungu, kwa pinde na mishale na kiapo cha pamoja. Likisikika yowe kila mwanamume alipaswa kutoka, na vijiji vya mbele viliziba njia. Wizi ulipungua kwa kiasi kilichoifanya serikali iliyokuwa na mashaka iwakubali, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Ulinzi huo ulifaa kwa sababu uliendana na umbile la kosa lenyewe. Ng'ombe hafichiki mfukoni; lazima apitishwe, auzwe, na kila kijiji kinachopitiwa kinyamaze. Sungusungu iliuvunja ukimya huo. Lakini kundi lilelile lilipowageukia waliotuhumiwa uchawi, lilitesa na kufukuza wazee wasio na hatia. Dhidi ya wezi kutoka nje, kijiji kilikuwa mlinzi. Dhidi ya bibi asiye na mtetezi, kijiji kilikuwa mshitaki, shahidi na hakimu kwa pamoja. Anayesema jamii ijilinde yenyewe hana budi kueleza kwanza inajilinda dhidi ya nani.

Sasa tuje kwenye adhabu kali. Hasira inayoidai ni halali. Mtu akisikia habari za mtoto aliyekatwa viungo, moyo wake hauwezi kudai kidogo. Swali ni kama ukali unazuia. Mwitaliano Cesare Beccaria alisema tangu mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mhalifu ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukubwa wa adhabu, na uchunguzi wa miaka mingi katika nchi nyingi umeendelea kumuunga mkono. Tanzania yenyewe ni somo: sheria ya kunyonga ipo, ingawa hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1994, na katika kipindi chote ambacho adhabu hiyo imekuwa vitabuni wakata mapanga waliendelea kukodiwa. Hawakuihofia kwa sababu waliijua hesabu. Katika kijiji ambacho kituo cha polisi kiko mbali, wanandugu wamekubaliana kunyamaza na shahidi hana pa kujificha, adhabu ya kifo na adhabu ya miaka 10 jela zote ni vitisho vya mbali. Tanzania ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi mwaka 2015. Sheria hiyo ikitekelezwa mpaka ngazi ya kijiji, itaokoa maisha ya wengi kuliko kuongeza ukali wa hukumu ambazo hazifikiwi.

Wapo watakaoona kwamba kueleza vyanzo ni kumtetea muuaji. Hawajakosea kuwa na wasiwasi, kwa sababu maelezo mabaya hufanya hivyo kweli. Lakini kaya nyingi zilizolala njaa Meatu hazikumuua mtu, na wachimbaji wengi wa Geita hawakununua kiungo cha mtu. Aliyeua alichagua, na awajibike kwa uchaguzi wake. Sisi tunaobaki tuna wajibu tofauti. Tunapojua kwamba mwaka wa ukame huwaweka bibi zetu hatarini mara mbili zaidi, kisha mwaka wa ukame ukafika tukakaa kimya, nasi tumechagua.

Kutokana na hayo, hatua za kuchukua zinaonekana bila kuhitaji miujiza. Kwa wazee, kinga ya kwanza ni kuwafanya wawe na thamani ya kiuchumi inayoonekana ndani ya kaya. Miguel mwenyewe alipendekeza pensheni kwa wazee, na Zanzibar imeonyesha tangu Aprili 2016 kwamba jambo hilo linawezekana, ilipoanza kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hizo zilikuwa ndogo, lakini bibi anayeleta fedha nyumbani kila mwezi haonekani tena mzigo. Tanzania Bara inao mpango wa kunusuru kaya maskini kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF); mpango huo uelekezwe kwa haraka kwenye wilaya ambazo mvua imekosekana au imezidi, kabla ya watu kwenda kwa mpiga ramli. Haki ya mjane kwa shamba lake iandikwe na ijulikane kijijini akiwa hai. Kwa watu wenye ualbino, upelelezi uanzie kwa mganga na upande juu mpaka kwa mnunuzi, na nchi jirani zishirikiane kama wanavyoshirikiana wahalifu. Kwa wizi wa mifugo, ulinzi shirikishi uendelee, ukiwa chini ya sheria na bila mamlaka yoyote juu ya tuhuma za uchawi.

Mahubiri dhidi ya ushirikina yaendelee pia, makanisani, misikitini na shuleni, kwa sababu siku moja yatazaa matunda. Lakini mwenyekiti wa kijiji, diwani na mkuu wa wilaya wasiruhusiwe kujificha nyuma ya neno imani. Mvua ikikosekana msimu huu, wananchi wawaulize hadharani: wazee wanaoishi peke yao ni akina nani, chakula chao kiko wapi, na nani amepewa kazi ya kuwatembelea kila wiki? Kiongozi mwenye majibu ya maswali hayo amezuia mauaji ambayo hayatatangazwa redioni. Asiye na majibu asije msibani na hotuba kuhusu ujinga wa wananchi.